Ugonjwa wa Unga na Kikombe cha Asubuhi

Upande wa kaskazini wa mji wa Dar es Salaam iko Kinondoni, na upande wa kusini iko Temeke. Katika mitaa ya pande hizo, kama vile Mwananyamala, Keko na Tandika, nyumba zimesongamana, wala mtu hana siri kwa jirani zake. Mama akikaanga samaki, mtaa wote wajua. Na kijana akianza kutumia unga, watu hujua hata kabla wazazi wake hawajakubali kusadiki. Mahali wakutanikapo watumiaji wa unga huitwa maskani. Pengine ni gofu la nyumba, pengine kichochoro nyuma ya soko, pengine kivuli cha mwembe tu. Watoto waendao shule hupita hapo kila siku, nao huwacheka wale wasinziao hali wamesimama, vichwa vimeinama karibu ya kugusa magoti. Lakini afadhali mtoto ajue kwanza ni ugonjwa gani uliowashika watu hao, na jinsi wengine wao walivyopata nafuu.

Unga huo si wa mahindi wala wa muhogo. Jina lake ni heroini, na asili yake ni utomvu wa mmea uitwao mpopi, ambao ukikauka huitwa afyuni. Tangu zamani za kale waganga walitumia afyuni kutuliza maumivu, na baadaye wataalamu wa Ulaya wakatoa ndani yake dawa ya mofini. Mwaka 1874 Mwingereza mmoja, C. R. Alder Wright, aliipika mofini pamoja na dawa nyingine, akapata kitu kipya chenye nguvu zaidi. Na mwaka 1898 kampuni ya Bayer ya Ujerumani ikaanza kukiuza kwa jina la heroini, kiwe dawa ya kikohozi. Naam, dawa ya kikohozi! Miaka haikupita mingi watu wakaona ya kuwa aliyeinywa hakuweza kuiacha, na nchi nyingi zikaipiga marufuku.

Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya mpopi wa dunia ililimwa katika nchi ya Afghanistan. Kutoka huko unga ulipelekwa pwani, ukapakiwa katika majahazi, ukavushwa bahari ya Hindi. Bahari ileile iliyoleta tende na mazulia kwa pepo za kaskazi ikaleta na mzigo huu. Katika miaka ya 1980 ulikuwa umekwisha kufika pwani ya Afrika ya Mashariki, na watu waliuvuta kama tumbako. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ukaja unga mweupe uyeyukao upesi katika maji, na wengi wakaanza kujidunga kwa sindano. Hapo taabu ikawa taabu mbili, kwa maana sindano moja ilipita mikononi mwa watu wengi, ikachukua virusi vya Ukimwi na homa ya ini kutoka kwa huyu hata kwa yule. Mwaka 2005 watafiti walieleza habari ya wanawake maskini wa Dar es Salaam ambao, mmoja akiisha kujidunga, humvuta damu na kumdunga mwenzake asiyekuwa na fedha, wakitumaini kwamba katika damu ile umebaki unga kidogo. Walifanya hivyo kwa kuhurumiana, nao waligawana mauti.

Watu wengi huuliza, “Mbona haachi tu?” Swali hili lafaa kujibiwa vizuri. Mtu atumiapo unga kila siku, ubongo wake huuzoea, hata mwili hauwezi tena kukaa sawasawa pasipo huo. Unga ukikosekana, kabla ya siku kupita mgonjwa hupatwa na hali ambayo watu wa mtaani huiita arosto. Machozi na kamasi humtoka, hupiga miayo, hutetemeka kwa baridi katika jua kali la mchana, hutapika, huharisha, na mifupa humwuma kana kwamba imepondwa. Usingizi humkimbia. Siku ya pili na ya tatu ndizo kali kuliko zote, na baada ya juma moja hivi maumivu hupungua. Lakini ni wachache wawezao kufika siku ya tatu, hali wajua ya kuwa kete moja ya unga ingemaliza mateso yote mara moja. Hapo ndipo sufuria ya mama huibwa, na kanda mbili za mgeni mlangoni, na taa za gari la jirani. Kusema hivi si kusema kwamba wizi si kosa. Aliyeibiwa ameibiwa. Lakini aelewaye arosto aelewa kwa nini fimbo za mtaa, ambazo zimewaua vijana wengine, hazijamponya hata mmoja.

Na pombe je? Gongo na pombe nyinginezo nazo hufunga watu, na walevi ni wengi kuliko watumiaji wa unga, ila watu wamewazoea. Jambo moja yafaa lijulikane: mtu aliyekunywa sana kwa miaka mingi asiache ghafula peke yake nyumbani, maana aweza kupatwa na kifafa na kuweweseka hata kufa. Huyo apelekwe hospitali kwanza.

Sasa tuitazame tiba ya unga. Iko dawa iitwayo methadoni, iliyotengenezwa Ujerumani katika miaka ya 1930 ili kutuliza maumivu. Katika miaka ya 1960 madaktari wa New York, Vincent Dole na Marie Nyswander, waliona kwamba yaweza kuwatuliza watumiaji wa heroini. Sababu ni hii: nguvu ya unga huisha baada ya saa chache, kwa hiyo mtumiaji hushinda akipanda na kushuka, mara amelewa, mara yumo katika arosto, bali methadoni hufanya kazi polepole, na kipimo kimoja chatosha siku nzima na zaidi. Mtu aliyepewa kipimo kimfaacho halewi wala haumwi. Mwezi wa Februari mwaka 2011 hospitali ya taifa ya Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni, ya kwanza ya serikali katika bara ya Afrika kusini ya jangwa la Sahara. Kisiwa cha Mauritius kilikuwa kimetangulia mwaka 2006. Hospitali ya Mwananyamala ikafuata mwaka 2012, na ya Temeke mwaka 2014, hata tiba ikawa karibu na maskani zenyewe.

Mgonjwa haanzi siku moja. Kwanza wafanyakazi wa vikundi vya mtaani humwendea palepale maskani, wakaongea naye, wakamwandaa kwa mafundisho na kumpeleka hospitali. Baadhi yao waliwahi kutumia unga wenyewe, kwa hiyo hawadanganyiki, wala hawakatai kukaa chini mavumbini. Huko hospitali mgonjwa huanza na kipimo kidogo, nacho huongezwa taratibu, kwa maana methadoni nyingi kwa mara moja yaweza kuua. Dawa ni ya maji. Humiminwa katika kikombe kidogo, na mgonjwa huinywa mbele ya mtoaji dawa, asije akaificha kinywani na kwenda kuiuza. Kanuni tangu mwanzo ilikuwa kwamba mgonjwa aje kila siku, Jumapili na sikukuu pia, iwe mvua au jua. Mwenye kifua kikuu au Ukimwi hupewa na dawa za ugonjwa huo mahali hapohapo.

Wako wasemao, “Huku ni kubadili unga kwa unga.” Maneno haya yana sura ya kweli, lakini hayapimi mambo vizuri. Anywaye methadoni hatafuti fedha ya kete alfajiri, hashiriki sindano, na akili yake yatulia hata aweza kumsikiliza mtoto wake. Wengine huinywa miaka mingi, kama mgonjwa wa kisukari atumiavyo dawa yake. Wengine hupunguziwa kidogo kidogo hata wakaiacha. Wako pia wapendao njia nyingine, nayo ni zile nyumba za upataji nafuu zilizoanzia Unguja zikaenea hata Bagamoyo na Kigamboni. Humo watu huishi pamoja miezi kadhaa pasipo dawa yoyote ya kulevya, wakisaidiana na wenzao waliokwisha kuacha. Kila njia ina watu wake.

Hatari iko katika kurudi. Mtu aliyeacha unga kwa miezi, mwili wake umesahau. Siku akishindwa, akajidunga kwa kipimo alichokizoea zamani, pumzi yaweza kukatika sindano ingali mkononi. Kwa sababu hiyo aliyeanguka asifukuzwe akajifiche peke yake. Na arudi upesi kwa wale waliomsaidia.

Wanawake katika kliniki hizi ni wachache sana. Si kwamba hawaugui; ila mwanamke mtumiaji wa unga hutukanwa mara mbili, kwa unga na kwa uanamke wake, na pengine ana mtoto mgongoni asiyekuwa na mtu wa kumwachia.

Lakini waulizeni wagonjwa wenyewe taabu yao ni nini baada ya arosto kwisha, nao wengi watajibu, “Kazi.” Mtu aliyekuwa akihangaika tangu alfajiri hata usiku kutafuta unga, sasa amekwisha kunywa kikombe chake asubuhi, na mchana mzima uko mbele yake mtupu. Njia ya karibu ya kuujaza ni ile iendayo maskani. Tuseme ni fundi seremala. Msumeno na randa aliviuza zamani. Jirani wamjua kwa jina la teja, jina ambalo kliniki haina dawa ya kulifuta. Hakuna ampaye mlango autengeneze, kwa kuogopa kwamba atauuza pamoja na bawaba zake. Akimpata tajiri wa kumwajiri, sharti amweleze kwa nini hawezi kufika saa moja kama wenziwe, maana saa hiyo yumo katika safu ya watu hospitalini. Wako matajiri wajibuo, “Basi, tafuta kwingine.” Na wako wachache wajibuo, “Kunywa dawa yako kwanza, uje saa tatu. Randa utatumia hii yangu.”