Kabla Hamjamtegea Sumu Ndege wa Kwenye Nguzo

Mdogo wangu wa Merigi, vifaranga wako wanapungua, na kuna ndege anayeshinda kwenye nguzo ya stima kando ya shamba lenu la viazi. Shemeji yako keshatia sumu kwenye nyama. Mwambie asubiri kwanza, maana naona anataka kumhukumu asiyehusika.

Huku kwetu kila ndege mwenye kucha za kunyakulia tunamwita mwewe, basi. Lakini hapa kuna wawili tofauti. Mwewe mwenyewe ana rangi ya kahawia mwili mzima, mdomo wa manjano, mabawa marefu na mkia wenye panda. Mtazame mkia huo akiwa angani: anausokota huku na huku kama usukani, ndiyo maana anaweza kupenya kati ya jikoni na mti wa parachichi, akanyakua kifaranga na kupaa bila hata kutua. Chakula chake mara nyingi hukila hukohuko angani. Ndiye yule anayezunguka machinjioni na majalalani.

Huyo wa kwenye nguzo ni shakivale. Mgongo wake mweusi, kifua cheupe, mkia mfupi wa mviringo wenye rangi ya kutu. Wapo walio weusi hadi tumboni, ila mkia ni uleule. Wanaochanganya watu ni makinda waliokwisha kuruka: wao ni wa kahawia, na mkia bado haujawa mwekundu. Ukiwaona hao, tafuta panda. Kama hakuna panda, si mwewe.

Mabawa ya shakivale ni mapana, na miguu yake ina nguvu kuliko ya mwewe. Hana haraka ya kona za uani. Kazi yake ni kungoja juu, au kusimama angani akiukabili upepo, kisha kushuka moja kwa moja ardhini. Anatafuta nini kwenye viazi vyenu? Panya, nyoka, mijusi, na zaidi ya wote fuko. Yule fuko anayewaharibia viazi kabla hamjavichimba ndiye chakula chake kikubwa huku nyanda za juu. Sitakudanganya kwamba hagusi kifaranga kamwe. Akimkuta wazi anaweza kumchukua. Lakini kumuua kwa sababu hiyo ni kuwaachia fuko shamba.

Tena wamepungua mno. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, uliolinganisha hesabu za ndege wawindaji waliohesabiwa kandokando ya barabara za Kenya tangu miaka ya 1970, ulionyesha shakivale wameshuka kwa asilimia 91. Sumu ni mojawapo ya mambo yanayowamaliza, na mara nyingi si wao waliokusudiwa. Ndege akila panya aliyelishwa sumu, naye anaipata.

Na kama kuna kuku wakubwa waliopotea, usimtafute mkosaji angani. Mwewe hafiki kilo moja. Kuku mzima hambebi. Hapo chunguza mlango wa banda, kicheche, mbwa, au binadamu.

Sasa vifaranga. Wafunike kwa tenga kubwa au wavu mchana kutwa mpaka waote manyoya vizuri na waweze kukimbia. Walishie chini ya migomba au kichaka, usiwamwagie chakula katikati ya ua ulio wazi. Matumbo ya kuku mkichinja yafukieni siku hiyohiyo, kwa sababu mabaki hayo ndiyo yanayomzoesha mwewe kuja kwenu.

Ile nyama ya shemeji isitupwe shimo la taka wala karibu na mto. Avae glavu, aifukie chini sana mahali ambapo mbwa hafukui, kisha anawe mikono kwa sabuni kabla hajamshika mtoto.