WAKURDI: KURA WALIPIGA, NCHI HAWANA

Mwajua kwamba kuna watu wanaopita milioni 30, wenye lugha yao, mavazi yao na hata bendera yao, lakini hawana nchi? Hao ndio Wakurdi. Makao yao ni milimani, katika eneo lililogawanywa kati ya Uturuki, Iran, Iraq na Syria. Wengi wao ni Waislamu, ila si Waarabu wala si Waturuki.

Ndoto yao si ya jana. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, Mkataba wa Sèvres wa 1920 uliwapa tumaini la kujitawala. Miaka mitatu baadaye ukaja mkataba wa Lausanne, na tumaini lile likafutwa kama chaki ubaoni. Mwaka 1946 waliunda jamhuri huko Mahabad, Iran. Haikumaliza hata mwaka mmoja, na rais wake, Qazi Muhammad, akanyongwa.

Iraq ndiko walikoteswa sana, na ajabu ni kwamba ndiko walikofika mbali zaidi. Tarehe 16 Machi 1988 ndege za Saddam Hussein zilimwaga gesi ya sumu mjini Halabja. Watu wapatao 5,000 walikufa, wakiwemo akina mama na watoto wachanga. Baada ya Vita vya Ghuba vya 1991, mataifa ya magharibi yalizuia ndege za Saddam kuruka huko, na Wakurdi wakapata nafasi ya kupumua. Mwaka 1992 walichagua bunge lao, na katiba ya Iraq ya 2005 ikautambua utawala wao wa jimbo. Wana hata askari wao, Peshmerga.

Sasa mtu atauliza, si wajitangazie uhuru tu yaishe? Walijaribu! Tarehe 25 Septemba 2017 walipiga kura ya maoni na zaidi ya asilimia 92 wakasema ndiyo. Watu walishangilia barabarani. Lakini wapi! Baghdad ilipiga marufuku ndege za kimataifa kutua Erbil na Sulaymaniyah. Uturuki ikatishia kufunga bomba la mafuta. Tarehe 16 Oktoba jeshi la Iraq likaingia Kirkuk, mji wenye visima vya mafuta ambao Wakurdi waliushika tangu 2014. Marekani, ambayo walikuwa wamepigana nayo bega kwa bega dhidi ya ISIS, ilikaa kando ikitazama.

Hebu tulinganishe na jirani zetu wa Sudan Kusini. Wao pia walipiga kura, mwaka 2011, wakapata nchi. Tofauti ni nini? Kura yao ilikuwa imekubaliwa na Khartoum katika mkataba uliotiwa sahihi hapa Nairobi mwaka 2005. Wakurdi hawakuwa na karatasi kama hiyo kutoka Baghdad.

Isitoshe, hawana bahari. Mafuta yao hupita kwenye bomba hadi Ceyhan, bandari ya Uturuki. Machi 2023 bomba hilo lilifungwa, likafunguliwa Septemba 2025. Katikati ya mvutano huo wa fedha, walimu waligoma kwa kukosa mishahara. Uhuru gani huo ambao jirani ndiye ashikaye ufunguo?

Hata nyumbani mambo si shwari. Vyama vyao viwili vikubwa, KDP na PUK, vilipigana vita kati ya 1994 na 1998. Kirkuk ilipopotea, kila kimoja kilikinyoshea kingine kidole.

Upande wa Uturuki, chama cha PKK kilishika bunduki mwaka 1984. Kiongozi wake, Abdullah Öcalan, alikamatwa papa hapa Nairobi Februari 1999, akapelekwa gerezani Uturuki. Huko aliacha kudai nchi, akadai haki ndani ya Uturuki. Mei 2025 PKK ilitangaza kujivunja. Moja ya haki zinazodaiwa ni lugha: tangu 2012 Kikurdi kimeruhusiwa kuwa somo la hiari katika shule za serikali, lakini hesabu na sayansi mtoto wa Kikurdi husomeshwa kwa Kituruki.