Kijidudu cha Koo Kinachokimbia Hewa

Mwanafunzi wa chuo akiumwa koo hata mate yakawa tabu kumeza, mara nyingi chanzo ni virusi, na virusi haviuawi na antibayotiki. Ila baadhi ya wanaoumwa koo huwa wameshambuliwa na bakteria. Tunajuaje ni bakteria yupi?

Wengi watasema: chukua pamba, pangusa koo, peleka maabara. Hiyo haitoshi. Koo la mtu asiyeumwa nalo limejaa bakteria wanaoishi humo bila kumdhuru. Kumkuta bakteria kwa mgonjwa si ushahidi kwamba ndiye aliyemuuguza. Inabidi tuwapime na wasioumwa, kisha tulinganishe.

Ndivyo walivyofanya Robert Centor na wenzake katika Chuo Kikuu cha Alabama, mjini Birmingham, Marekani. Utafiti wao, uliochapishwa mwaka 2015, uliwapima vijana 312 wa miaka 15 hadi 30 waliofika kliniki ya wanafunzi wakiumwa koo, pamoja na wanafunzi 180 wasioumwa. Walisaka vinasaba vya bakteria moja kwa moja. Streptokoka wa kundi A, ambaye madaktari humfikiria kwanza, alikutwa kwa asilimia 10.3 ya wagonjwa na asilimia 1.1 ya wasioumwa. Fusobacterium necrophorum, tumwite fusobakteria, alikutwa kwa asilimia 20.5 ya wagonjwa na asilimia 9.4 ya wasioumwa.

Tusiharakishe hapa. Kwa wagonjwa, fusobakteria alimzidi streptokoka karibu mara mbili. Lakini karibu mmoja kati ya kila kumi wasioumwa alikuwa naye pia, kwa hiyo si kila mgonjwa aliyekutwa naye aliugua kwa sababu yake. Kinachomfanya ashukiwe ni ile tofauti baina ya makundi mawili.

Mbona basi hatajwi sana? Kwa sababu hastahimili oksijeni. Sahani ya maabara iliyoachwa kwenye hewa ya kawaida humwotesha streptokoka vizuri, fusobakteria haoti. Kipimo cha haraka cha koo nacho kimeundwa kumtambua streptokoka wa kundi A peke yake. Kikionyesha hakuna kitu, kimejibu habari za huyo mmoja tu. Na kooni, mahali pa kupitisha pumzi, anaishije? Findo zina vishimo vyembamba vinavyozama ndani sana. Humo hewa haizunguki, na oksijeni kidogo inayoingia humalizwa na bakteria wengine.

Mara chache maambukizi hutoka kwenye findo yakafikia mshipa mkubwa wa shingo unaorudisha damu moyoni. Damu huganda humo, na vipande vya bonge hilo lenye bakteria husafirishwa hadi mapafuni. Daktari Mfaransa André Lemierre aliueleza ugonjwa huu mwaka 1936, kabla penisilini haijaanza kutibu watu. Kati ya wagonjwa wake 20, walikufa 18.

Leo unatibika ukiwahiwa. Penisilini kwa kawaida humuua fusobakteria. Azithromaisini, antibayotiki ambayo wengi hujinunulia tu dukani, si ya kutegemewa dhidi yake. Kwa hiyo kijana ambaye koo lake linazidi kuuma baada ya siku tatu au nne badala ya kupoa, anatetemeka kwa baridi na homa, au amevimba shingo upande mmoja, asisubiri kesho. Aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama kipimo cha haraka kilisema hana kitu.