Kuruta, Usifiche

Wadogo zangu mliomaliza kidato cha sita, majina ya mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria yakishatoka simu yangu haipoi. Swali ni lile lile: "Dada, nitaweza kweli?" Mtaweza. Mwili wa kijana unazoea upesi kuliko mnavyodhani, na afande anajua fika kwamba wiki ya kwanza nusu ya kombania inachanganya kushoto na kulia. Mafunzo haya yalisitishwa mwaka 1994 yakarejea 2013, kwa hiyo wengi wanaowatisha huko nyumbani hawakuyapitia. Wanasimulia ya kusikia. Mimi nimeyapitia, na makuruta niliowaona wakilemewa hawakulemewa na mchakamchaka. Walilemewa kwa sababu walificha.

Tuanze na miguu. Raba mtakazotakiwa kwenda nazo, wengi huzinunua siku moja kabla ya kupanda basi. Nunua leo. Vaa ukienda sokoni, vaa ukikimbia jioni, mpaka ziufahamu mguu wako. Katika hanga letu la kulala alikuwapo binti mmoja mchangamfu sana, anaongoza nyimbo mbele ya wote. Alipata lengelenge kisigino, akalitoboa kwa pini ya nywele, akavaa tena soksi mbichi, akanyamaza asije akaitwa mtegaji. Matroni alipogundua, soksi ilikuwa imegandana na kidonda na mguu umevimba. Sisi tukaendelea na kwata, yeye akabaki amekaa kivulini siku nyingi, analia. Angesema mapema ingekuwa kazi ya kusafishwa na kufungwa bandeji tu. Kwa hiyo: soksi kavu kila mara, kausha vidole kabla ya kulala, na lengelenge lionyeshe likiwa bado dogo. Maumivu ya mfupa kuanzia goti kwenda chini nayo yaseme, hasa yakikuuma hata ukiwa umelala. Mfupa unaweza kupata ufa.

Waliopangiwa Ruvu, Kibiti au Mgambo, joto halina mchezo. Kunywa maji kabla ya kiu. Mkojo ukiwa na rangi nzito kama chai ya rangi, mwili umekaukiwa. Ukihisi kizunguzungu, kichwa kinagonga, maneno yanapotea, inua mkono useme, "Afande, sijisikii vizuri." Usisubiri udondoke. Wa Mafinga, nyinyi bebeni sweta nzito, baridi ya Juni na Julai kule inapenya.

Sasa lile ninalolisema kwa uchungu. Ukiwa na pumu, selimundu, kifafa au tatizo la moyo, litaje kwenye uchunguzi wa afya, na nenda na dawa zako na maelezo ya daktari. Kuna wazazi wanaomnong'oneza mtoto anyamaze asije akarudishwa. Mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa mwenye selimundu, mazoezi makali na ukosefu wa maji vinaweza kuleta maumivu ya kumlaza hospitali, au mabaya zaidi.

Mabinti, bebeni pedi za kutosha na chupi za pamba. Hedhi inaweza kuchelewa au kuruka mwezi kwa sababu ya uchovu na mabadiliko ya chakula. Hilo hutokea, ila mwambie matroni. Usisuke nywele za gharama, kambini ni nywele fupi.

Na mtu yeyote, awe na cheo gani, akikuambia kazi itapungua au ruhusa itapatikana ukikubali kulala naye, hiyo ni rushwa ya ngono. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinaikataza. Kumheshimu afande ni kutii amri za mafunzo. Mwili wako haumo katika amri hizo. Mwambie matroni, mwambie mzazi, na namba ya TAKUKURU ni 113, kupiga ni bure. Usibaki na siri hiyo peke yako hangani.

Mengine ni mepesi. Anza kukimbia sasa, taratibu. Jifunze kula ugali na maharage bila kuchagua. Kariri namba ya mama au baba, maana simu hutakuwa nayo muda wote. Nafasi haiuzwi, kwa hiyo anayekudai hela ili jina lako litoke ni tapeli.

Wazazi, kabla mtoto hajapanda basi kaeni naye mumuulize kwa upole anaumwa nini na anaogopa nini, kisha mwambieni waziwazi kwamba akisema ukweli kambini, hata akirudishwa nyumbani, mtampokea.