Ugali Upo, Mboga Iko Wapi?
Kijitabu cha mapishi ya afya kwa familia

Iringa, Njombe na Rukwa ni miongoni mwa mikoa inayoilisha Tanzania. Malori ya mahindi yanatoka huko mwaka mzima. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta mikoa hiyohiyo ndiyo inayoongoza kwa udumavu: karibu nusu ya watoto wenye umri chini ya miaka mitano katika Njombe na Rukwa, na zaidi ya nusu katika Iringa, ni wafupi kuliko umri wao unavyodai. Kwa nchi nzima ni watoto 30 katika kila 100. Ghala limejaa, mtoto anashiba, na bado hakui vizuri.

Udumavu una sababu nyingi: kuharisha mara kwa mara, maji yasiyo salama, mama mwenye kazi nyingi mno za shamba. Lakini sababu mojawapo iko sahanini, nayo tunaweza kuigusa leo. Ugali ni mlima, mboga ni kijiko. Kushiba si kulishwa. Kijitabu hiki hakikutumi supamaketi wala hakikuagizi vyakula vya kopo. Karibu kila kitu kilichoandikwa humu kinauzwa gengeni au kinaota nyuma ya nyumba.

Tuanze na sahani yenyewe. Kwa mtu mzima, nusu yake iwe mboga na matunda, robo iwe ugali, wali, ndizi au viazi, na robo iliyobaki iwe maharage, dagaa, samaki, yai au nyama. Ukiipanga hivyo kwa mara ya kwanza utaona ugali umekuwa mdogo. Hapo ndipo penye shughuli.

Unga: dona, lakini wa mahindi safi

Mashine inapokoboa mahindi huondoa ganda na kiini, na humo ndimo zilimo nyuzinyuzi, mafuta mazuri, madini na sehemu kubwa ya vitamini za kundi B. Kinachobaki ni wanga mweupe. Pumba, zenye lishe yote hiyo, tunawapelekea kuku na ng'ombe. Wao wananawiri.

Dona hubaki na kila kitu. Ubaya wake ni kwamba kiini kina mafuta, kwa hiyo unga ukikaa sana huchacha na kuwa mchungu. Saga kidogokidogo, unga wa wiki moja au mbili, uuweke kwenye chombo chenye mfuniko, mahali pakavu. Kama watoto wanaukataa, changanya nusu dona nusu sembe kwa muda, kisha ongeza dona taratibu. Unga wa mtama, ulezi na uwele nao ni mzuri, na wazee wetu waliujua kabla ya mahindi kutawala.

Sasa jambo zito. Mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu huota fangasi, na baadhi ya fangasi hao hutoa sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupika. Mwaka 2004 nchini Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo na 125 walifariki. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumu hiyohiyo Dodoma na Manyara. Sehemu kubwa ya sumu hukaa katika ganda na kiini, kwa hiyo mahindi mabovu yakisagwa dona ni hatari kuliko yakikobolewa. Anika mahindi juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo. Yakauke kabisa kabla ya kuyaweka ghalani. Siku ya kwenda kusaga, yamwage kwenye ungo na uchambue: punje yenye ukungu, iliyobadilika rangi, iliyosinyaa au kutobolewa na wadudu itoke. Karanga nazo zichambuliwe hivyohivyo. Karanga chungu mdomoni iteme.

Maharage: sufuria moja, tangu usiku

Tuingie jikoni. Usiku, kabla ya kulala, chambua maharage, yaoshe, yaloweke kwa maji mengi. Asubuhi yatakuwa yamevimba na maji yamebadilika rangi. Yamwage maji hayo. Pamoja nayo unamwaga sehemu ya vitu vinavyoleta gesi tumboni na vinavyozuia mwili kunyonya madini. Weka maji mapya, bandika, yachemke kwa nguvu kwa angalau dakika kumi, kisha punguza moto na ufunike. Maharage mabichi yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuharisha, na inahitaji mchemko wa nguvu ili ife. Moto wa kusuasua hautoshi.

Yaliyolowekwa huiva kwa muda mfupi zaidi, na kwa anayenunua mkaa hiyo ni hela. Usitie magadi. Yanalainisha kweli, lakini yanaharibu vitamini B1 na kuongeza sodiamu, ile inayopandisha shinikizo la damu. Nyanya pia isubiri: uchachu wake huchelewesha maharage kulainika, na wengi hulaumu mbegu wakati kosa ni la nyanya kuingia mapema. Maharage yakishaminywa na vidole na kupondeka, hapo ndipo unatia kitunguu, karoti iliyokwaruzwa, nyanya, na pilipili hoho ukipenda. Kijiko kimoja au viwili vya mafuta vinatosha sufuria ya familia. Chumvi iingie mwisho, ukiwa umeshaonja.

Kisha ukipakua, kamulia ndimu. Madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga hunyonywa kwa shida, lakini vitamini C huyafungulia njia. Ndimu, chungwa, embe, pera au papai pamoja na mlo vinafanya kazi hiyo. Chai na kahawa hufanya kinyume chake, kwa hiyo zisubiri saa moja baada ya kula. Jambo hili ni muhimu zaidi kwa mjamzito na kwa binti aliyeanza hedhi, maana hao ndio damu huwapungukia haraka.

Usiyachoke maharage. Kuna kunde, choroko, mbaazi, dengu, fiwi na njugu mawe. Mbaazi kwa tui la nazi ni chakula cha kifahari pwani, ila tui zito lina mafuta mengi ya aina inayopandisha lehemu mwilini, kwa hiyo tumia tui jepesi, na si kila siku.

Mboga za majani

Osha kwanza, katakata baadaye. Ukikata kisha ukaosha, vitamini zinaondoka na maji ya beseni. Mchicha, matembele, majani ya maboga na mlenda havihitaji moto wa muda mrefu: dakika tano, sufuria imefunikwa, maji kidogo. Maji yake usiyamwage. Karanga zilizotwangwa au kijiko cha mafuta vinasaidia mwili kunyonya vitamini A, kwa hiyo mboga kavu kabisa isiyo na mafuta hata tone si bora kama wengine wanavyodhani.

Kisamvu kina sheria yake. Majani ya muhogo yana sumu ya sianidi. Yatwangwe vizuri, yachemshwe muda mrefu bila kufunikwa, na maji ya kwanza yamwagwe. Hapa haraka haifai.

Viazi lishe, vile vitamu vyenye rangi ya machungwa ndani, vichemshwe na ganda lake. Kimoja cha wastani asubuhi badala ya maandazi mawili kinamfaa mtoto wa shule zaidi, tena kinakaa tumboni.

Dagaa, mayai na hela ya mboga

Dagaa wanadharauliwa bure. Kwa kuwa huliwa wazima na mifupa yao, wana kalsiamu nyingi pamoja na protini. Wanaoanikwa mchangani huja na mchanga: waloweke kwa maji ya moto, wasugue, wasuuze mpaka maji yatulie bila chembe chini ya bakuli. Wakaange kidogo pasipo mafuta hadi wakauke, halafu watie kwenye kitunguu na nyanya.

Mayai ni ya kuliwa na wajawazito na watoto. Mwiko wa kumnyima mjamzito mayai hauna msingi wowote wa kiafya. Na kuuza trei ya mayai ya nyumbani ili kununua soda na biskuti ni biashara ya hasara.

Baba, neno kidogo. Ukiacha mezani hela ya mboga isiyotosha fungu la mchicha, kitunguu na robo ya dagaa, usishangae kukuta ugali na chumvi. Mapishi bora yanaanzia mfukoni mwako pia.

Chumvi, sukari na mafuta

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichozidi kingo, na hicho ni pamoja na chumvi iliyomo kwenye mkate na vitafunwa. Tumia yenye madini joto. Ondoa kikopo cha chumvi mezani. Viungo vya mchuzi vya kwenye pakiti na vidonge vimejaa chumvi: tangawizi, kitunguu saumu, giligilani, bizari na ndimu vinatoa ladha bila hasara hiyo.

Chupa ya soda ya mililita 350 ina sukari ya vijiko vinane hadi tisa vya chai. Juisi ya boksi haiko mbali nayo. Maji, au tunda lenyewe.

Mafuta yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka kwenye dumu. Mchuzi ukielea mafuta juu, yamezidi. Na mafuta yaliyokwisha kukaangiwa yakawa meusi yasirudi jikoni.

Kiporo

Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Wali hasa una vijidudu ambavyo mbegu zake huvumilia mchemko, kisha huamka na kutoa sumu chakula kikikaa cha vuguvugu. Mwenye friji aweke humo mapema. Asiye nayo apike kinachoisha. Kiporo kutoka kwenye friji kipashwe mpaka kitoe moshi kila mahali, na kikishanuka au kuteleza kimwagwe, hata kama inauma.

Uji wa mtoto

Baada ya miezi sita mtoto aendelee kunyonya, aanze na chakula. Unga wa lishe wenye nafaka saba, soya na karanga pamoja unasifiwa sana sokoni, lakini soya isiyoandaliwa vizuri humsumbua mtoto tumbo, na karanga zikisagwa humo huchachisha unga. Tumia nafaka moja au mbili. Uji ukiwa jikoni ndipo utie maziwa, karanga zilizosagwa laini au yai lililokorogwa, uchemke tena. Uwe mzito wa kuganda kwenye kijiko, maana uji wa maji hujaza tumbo tu. Mpondee pia maharage, mboga na papai.

Ushauri huu ni kwa watu wenye afya ya kawaida. Mwenye kisukari, ugonjwa wa figo au shinikizo la damu, na mzazi ambaye uzito wa mtoto wake hauongezeki kwenye kadi ya kliniki, waende kituo cha afya kwa ushauri wa mlo unaowafaa wao. Nenda na kadi.