Tauni Isiyoua Mtu: Fundisho la Mchezo wa Kompyuta

Katika fikra za watu wengi neno "mchezo" huashiria jambo lisilo na uzito, la kupumzisha akili baada ya kazi. Hata hivyo historia ya sayansi inaonyesha kwamba mara nyingi mchezo umekuwa mlango wa elimu. Hesabu za bahati, ambazo leo ni msingi wa bima na wa uchunguzi wa dawa mpya, zilipata nguvu mwaka wa 1654, pale Blaise Pascal na Pierre de Fermat wa Ufaransa walipoandikiana barua juu ya namna ya kugawana fedha za mchezo wa kamari uliokatizwa kabla ya kwisha.

Makala haya yanaeleza kisa cha karibu zaidi. Mwaka wa 2005 maradhi ya kubuni yalizuka ndani ya mchezo wa kompyuta, yakaenea bila ya kukusudiwa, na yakawafundisha wataalamu wa afya jambo ambalo hesabu zao hazikuwa zikilionyesha vema. Ili msomaji akielewe kisa hicho, hapana budi kwanza kutazama hesabu zenyewe.

Hesabu ya Maambukizo

Ronald Ross, daktari wa Kiingereza aliyezaliwa India, aligundua mwaka wa 1897 kwamba vijidudu vya malaria hukua ndani ya mwili wa mbu. Wakati huo watu wengi walidhani kuwa hakuna faida ya kupigana na mbu, kwa sababu haiwezekani kuwaua wote. Ross alijibu kwa hesabu. Alionyesha kuwa si lazima mbu wote wafe. Ikitosha idadi yao kupunguzwa chini ya kiwango fulani, malaria itafifia yenyewe.

Mwenzake mmoja, Anderson McKendrick, aliyefuatana naye Sierra Leone mwaka wa 1901 katika kazi ya kupiga vita malaria, aliiendeleza fikra hiyo. Mwaka wa 1927, huko Edinburgh, McKendrick na William Kermack, mtaalamu aliyepofuka kutokana na ajali ya maabara, walitoa milinganyo ambayo hata leo hufundishwa vyuoni. Waliwagawa watu katika mafungu matatu: wazima wanaoweza kuambukizwa, wagonjwa wanaoambukiza, na wale waliotoka katika hatari, ama kwa kupona na kupata kinga, ama kwa kufa.

Kiini cha hesabu hizo ni swali moja: mgonjwa mmoja, kwa wastani, huwaambukiza watu wangapi? Na ichukuliwe kuwa huwaambukiza wawili. Mgonjwa wa kwanza atazaa wagonjwa 2, hao 4, kisha 8, 16, 32 na 64. Katika vizazi sita tu vya maambukizo, jumla ya waliougua itakuwa watu 127. Lakini ikiwa kila wagonjwa wawili wanamwambukiza mtu mmoja tu, wagonjwa 64 watazaa 32, hao 16, kisha 8, 4, 2 na 1, na maradhi yatakoma. Basi mpaka kati ya msiba na salama ni namba moja. Juu yake maradhi hupanda. Chini yake hushuka.

Gololi za Baltimore

Mwishoni mwa miaka ya 1920, Lowell Reed na Wade Hampton Frost wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani, walitafuta njia ya kuwaonyesha wanafunzi mwendo huo kwa macho. Walitumia gololi za rangi mbalimbali. Gololi zilichanganywa, zikapangwa mstari katika kijitaro, na mwalimu akatazama ni zipi zimegusana na gololi ya "mgonjwa". Kisha zilichanganywa tena. Kwa njia hiyo rahisi, isiyohitaji mashine yoyote ya hesabu, mlipuko wa maradhi ulizaliwa, ukakua na kufa juu ya meza.

Hata hivyo gololi ina upungufu mmoja mkubwa: haina hofu, haina huruma, wala haina udadisi. Haikimbii ikisikia habari ya tauni, wala haiendi kumjulia hali jirani. Milinganyo ya mwaka wa 1927 nayo iliwachukulia watu kana kwamba huchanganyika kama sukari inavyokorogwa katika chai. Kwa miaka mingi wataalamu walijua upungufu huo, lakini hawakuwa na njia ya kuupima. Haiwezekani kuachia maradhi mjini kwa makusudi ili kutazama watu watafanya nini.

Yaliyotokea Septemba 2005

World of Warcraft ni mchezo uliotolewa na kampuni ya Blizzard Entertainment ya Marekani mwezi wa Novemba 2004. Mamilioni ya watu katika nchi mbalimbali huingia, kwa njia ya intaneti, katika ulimwengu mmoja wa kubuni wenye miji, misitu na masoko. Kila mchezaji humwongoza mhusika wake, ambaye huanza akiwa dhaifu na kuongezeka nguvu kadiri anavyocheza.

Tarehe 13 Septemba 2005 watengenezaji waliongeza eneo jipya, ambamo vikosi vya wachezaji 20 wenye nguvu walipambana na adui aitwaye Hakkar. Silaha mojawapo ya adui huyo ilikuwa laana iliyoitwa "Damu Iliyoharibika". Aliyepatwa nayo alipungukiwa na nguvu kila baada ya nukta chache, na yeyote aliyesimama karibu naye aliambukizwa. Ilikusudiwa kuwa laana hiyo isitoke nje ya uwanja wa mapambano.

Watengenezaji walisahau mlango mmoja. Baadhi ya wachezaji walikuwa na wanyama wa kufugwa ambao huweza kufichwa na kuitwa tena baadaye. Mnyama aliyeambukizwa vitani, akafichwa, alipoitwa mjini alitokea akiwa bado na laana yake. Kutoka kwake ilipita kwa wapita njia, na kutoka kwao kwa wachuuzi wanaoendeshwa na kompyuta yenyewe. Wachuuzi hao hawakufa wala hawakuonyesha dalili, lakini waliambukiza kila aliyewakaribia. Wachezaji wenye nguvu waliweza kustahimili. Wachanga walikufa mara moja. Miji mikubwa ya mchezo huo, kama Ironforge na Orgrimmar, ilijaa mifupa.

Kampuni iliwaomba wachezaji wajitenge kwa hiari. Ombi hilo halikufua dafu: wengine hawakulisadiki, wengine walilipuuza. Hatimaye kompyuta kuu zilizimwa na kuwashwa upya, na programu ikarekebishwa ili wanyama wasiweze tena kuibeba laana hiyo. Dawa ya namna hiyo, kwa bahati mbaya, haipo katika ulimwengu wa kweli.

Mambo Ambayo Gololi Haikuyafanya

Mwaka wa 2007 kisa hiki kiliingia katika majarida ya tiba. Ran Balicer wa Israel alikiandikia katika jarida la Epidemiology, na baadaye mwaka huo huo Eric Lofgren na Nina Fefferman wa Marekani walikichambua katika The Lancet Infectious Diseases. Mambo manne yanastahili kuangaliwa.

Kwanza ni mnyama na mbebaji asiye na dalili. Maradhi mengi ya kweli hupita kwa wanyama kabla ya kumfikia mtu, na mtu mwenye afya njema machoni huweza kuwa chemchemi ya maradhi. Mfano mashuhuri ni wa Mary Mallon, mpishi wa New York aliyetambuliwa mwaka wa 1907 kuwa alikuwa akieneza homa ya matumbo bila ya yeye mwenyewe kuugua.

Pili ni kukimbia. Wachezaji wengi walipoona vifo mjini walitorokea mashambani, na baadhi yao walikwenda na laana. Hali kama hiyo ilionekana mwaka wa 1994 katika mji wa Surat, India, ambapo mamia ya maelfu ya watu waliukimbia mji baada ya habari za tauni.

Tatu ni huruma. Wachezaji wenye uwezo wa kuponya walijitolea kwenda kuwatibu wenzao. Wema huo ulikuwa na pande mbili: waliotibiwa walidumu muda mrefu zaidi wakiwa hai, nao waliendelea kuambukiza wengine. Hii si hoja ya kuacha kuwasaidia wagonjwa. Ni hoja ya kwamba msaada usio na kinga huweza kuyapanua maradhi, na kwa hiyo anayeuguza lazima akingwe kwanza.

Nne ni udadisi. Wapo waliosafiri kutoka mbali ili tu kujionea tauni kwa macho yao, wakaambukizwa, wakarudi nayo walikotoka. Lofgren na Fefferman waliona kuwa tabia hii haikuwa imetiwa maanani katika hesabu za maambukizo. Lakini katika maisha ya kila siku nani asiyewajua watu wa namna hiyo? Moto ukiwaka mtaani, wanaokuja kutazama huwazidi wanaokuja kuzima. Wapo pia wachache walioeneza laana kwa makusudi, kwa furaha ya kuona fujo. Wahenga walikwisha kuonya kuwa mzaha mzaha hutumbua usaha.

Mipaka ya Fundisho

Msomaji mwangalifu atauliza: je, mtu anayecheza hutenda kama mtu anayeogopa kufa? Swali hilo ni la haki. Katika mchezo mhusika aliyekufa hufufuka baada ya muda mfupi. Kwa hiyo mchezaji huthubutu mambo ambayo asingeyathubutu akiwa na roho moja tu. Wataalamu wenyewe walikiri tofauti hiyo. Mchezo hautoi kipimo cha ni watu wangapi watakaokimbia au watakaodadisi. Unaonyesha tu kuwa tabia hizo zipo, na kwamba hesabu isiyozitia maanani haijakamilika. Mwaka wa 2020, gonjwa la UVIKO-19 lilipoenea duniani, kutosadiki, kukimbia miji na kuchoka kujitenga vilionekana tena, safari hii kwa gharama ya maisha ya kweli.

Kwa upande mwingine, tabia ya watu inaweza pia kuwa dawa. Mwezi wa Machi 2023 maradhi ya Marburg yalitangazwa katika Mkoa wa Kagera, Tanzania. Hapakuwa na chanjo iliyoidhinishwa. Walihesabiwa wagonjwa 9, pamoja na mmoja ambaye hakuthibitishwa kwa maabara, na 6 kati yao walifariki. Miongoni mwa walioambukizwa walikuwamo watumishi wa afya. Watu zaidi ya 200 waliokutana na wagonjwa walitafutwa na kuangaliwa afya zao, na tarehe 2 Juni 2023 mlipuko ulitangazwa kuwa umekwisha. Kila aliyekubali kutajwa, kutembelewa na kupimwa joto alisaidia kuishusha ile namba chini ya moja.

Zoezi la Maharage

Mwanafunzi anaweza kuurudia uchunguzi wa Reed na Frost nyumbani au darasani. Yanahitajika maharage ya ukubwa mmoja wa rangi nne: meupe (wazima), mekundu (wagonjwa), meusi (waliopona) na ya njano (nafasi baina ya mtu na mtu).

1. Yatiwe katika mfuko maharage meupe 49 na jekundu 1. Mfuko utikiswe, kisha maharage yatolewe moja moja bila ya kutazama na kupangwa mstari mmoja.

2. Kila jeupe lililogusana na jekundu libadilishwe kwa jekundu jipya, na mekundu ya zamani yabadilishwe kwa meusi. Idadi ya wagonjwa wapya iandikwe. Yote yarudishwe mfukoni, na kazi irudiwe mpaka mekundu yaishe.

3. Uchunguzi uanzwe upya kwa kuongeza maharage 50 ya njano. Hapo mwanzo, wastani wa wanaoambukizwa na mgonjwa mmoja utapungua kutoka karibu wawili hadi karibu mmoja.

4. Mara ya tatu uanzwe vivyo hivyo, lakini baada ya zamu ya tatu, ikiwa mekundu bado yapo, maharage 40 ya njano yaondolewe. Hao ndio watu waliochoka kujitenga, au waliotoka kwenda kutazama.

Kwa kuwa bahati ina nafasi yake, jaribio moja halitoshi. Kila hatua irudiwe mara kumi na wastani utafutwe.

Maswali ya Kujipima

(a) Ikiwa mgonjwa mmoja huambukiza watatu, wagonjwa wapya katika kizazi cha tano cha maambukizo watakuwa wangapi? (Jibu: 243.)

(b) Kwa nini maharage ya njano hupunguza maambukizo ijapokuwa hayamponyi mtu yeyote?

(c) Katika kijiji au mtaa wa msomaji, maradhi yakizuka, ni desturi gani zitakazowakusanya watu bila ya kukusudia kuwadhuru, na namna gani desturi hizo zinaweza kutimizwa kwa heshima yake yote bila ya kuyapa maradhi njia?

Swali la mwisho halina jibu moja, wala halitapatikana kwa milinganyo peke yake. Majibu yake yanajulikana zaidi na wale wanaoishi mahali penyewe; na ni afadhali yazungumzwe sasa, wakati hakuna mgonjwa, kuliko siku ambayo mgonjwa wa kwanza amekwisha kufika.