Shangazi, mume wangu anaona aibu tukila chapati ndani ya basi

"Mimi ni mama wa watoto watatu, wa miaka 11, 7 na 2, naishi Singida mjini. Kila Desemba shule zikifungwa tunakwenda Dar es Salaam kwa shemeji yangu. Safari ya mwaka jana niliandika kila shilingi kwenye daftari la mtoto. Kwenda tu, ukiacha nauli, chakula na vinywaji vilikula Sh58,000. Basi liliposimama hotelini kondakta akatangaza dakika kumi, tukanunua chipsi kuku sahani nne, soda na maji. Mtoto wa pili hakumaliza hata nusu. Kabla na baada ya hapo ni korosho, juisi na biskuti za dirishani. Mwaka huu nimemwambia mume wangu nitapika tubebe. Amekataa. Anasema abiria watatuona washamba, na baba gani anashindwa kuwanunulia wanawe chakula njiani. Tumenuniana, hii ni wiki ya pili. Je, nimekosea? Mama wa Watatu, Singida."



Shangazi ameisoma barua hii mara mbili, mara ya pili akiwa na kalamu mkononi, maana mama anayeandika matumizi kwenye daftari la mtoto ameshamaliza nusu ya kazi. Hajakosea hata kidogo. Wala mumewe si mtu wa kulaumiwa kwa haraka. Mwanaume aliyehangaika mwaka mzima ili awapeleke wanawe mjini anataka waikumbuke safari kwa furaha, na furaha hiyo anaipima kwa sahani ya chipsi.

Ila kuhusu ushamba, baba huyu akumbushwe anaishi wapi. Nyika ya upande wa Manyoni na Itigi, ndani ya mkoa wake mwenyewe, zamani iliitwa Mgunda Mkali. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita humo, na ilijulikana kwa uhaba wa maji na chakula. Hakuna aliyeingia Mgunda Mkali mikono mitupu. Nafaka ilinunuliwa Ugogo, ikagawiwa wapagazi kwa kibaba, na mgao huo ndio ulioitwa posho. Burton na Speke walipita huko mwaka 1857, Stanley mwaka 1871, na wote walitembea na chakula kwenye mizigo. Hata neno masurufu, ambalo leo mtumishi wa serikali analijua kama fedha anazopewa akitumwa safari ya kikazi, maana yake ya tangu zamani ni mahitaji ya msafiri, chakula kikiwamo. Mtumishi akichukua masurufu hakuna anayemcheka. Kwa nini achekwe mama aliyeyafunga kwenye kitambaa?

Fedha za familia hii hazikupotea kwa sababu ya kula. Zilipotea kwa sababu chakula cha watu watano kiliamuliwa ndani ya dakika kumi, mahali palipochaguliwa na dereva, watoto wakilia njaa na honi ikipigwa. Katika hali hiyo hakuna mzazi anayeuliza bei mara mbili, na mtoto wa miaka 7 anawekewa sahani ya mtu mzima kwa kuwa nusu sahani haipo. Uamuzi huo ukifanyika jikoni jioni ya siku iliyotangulia, mambo yanabadilika.

Sasa apike nini? Hapa Shangazi anaomba asikilizwe vizuri, kwa sababu akiba inayoishia hospitali si akiba. Shirika la Afya Duniani linasema chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili bila kuwekwa kwenye baridi, na ndani ya basi Desemba hakuna baridi. Kwa hiyo wali usifungwe kabisa. Mchuzi vivyo hivyo, na maziwa. Kuku wa kienyeji, ambaye Singida inasifika kwake, anaweza kubebwa akikaangwa mkavu alfajiri ileile, lakini aliwe mapema. Kutoka stendi ya Misuna, Singida mjini, hadi Manyoni ni mwendo wa kama saa mbili. Basi, kuku na mayai ya kuchemsha viwe kifungua kinywa mara basi linapoondoka, viishe mapema kabla ya Manyoni. Atakayebakiza paja la kwenda kulia Morogoro anamtafutia mtoto tumbo la kuendesha.

Baada ya Manyoni ni zamu ya vikavu. Chapati, maandazi, karanga za kukaanga, ndizi, machungwa. Mama akipata matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakatwa na kuanikwa, ambavyo Wasukuma na Wanyamwezi wanavijua tangu utotoni, amebeba chakula kisichochacha na kinachomshughulisha mtoto mdomo kwa kilomita nyingi. Chapati zina siri yake: zikifungwa zingali za moto zinatoa jasho na kulowana. Zitandazwe kwenye ungo zipoe kabisa, ndipo zikunjwe kwenye kitambaa safi cha pamba na kuingizwa kwenye hotpoti. Maji yachemshwe nyumbani, yapoe, yajazwe kwenye dumu safi la lita 5, na kila mmoja awe na chupa yake ndogo. Kwenye safari ndefu maji ya dukani hunyonya fedha polepole, na ndiyo maana watu hawayahesabu.

Dirisha la basi lisifungwe kabisa, maana safari bila dirisha si safari. Viazi vya Gairo vina sifa yake, na mananasi ya Chalinze vilevile, na wanaouza pale nao wana watoto wa kulisha. Ushauri wa Shangazi ni kwamba kila mtoto mkubwa apewe Sh1,000 yake asubuhi, aambiwe ni ya safari nzima, anunue anachotaka na wakati anaotaka. Mtoto wa miaka 11 akishika noti yake mwenyewe huanza kuuliza bei kuliko mama yake. Na kelele za "nataka ile" hupungua sana.

Lakini mama huyu amehesabu chakula akaacha shimo kubwa zaidi, ambalo ni nauli.

Nauli za mabasi ya mikoani zilizotangazwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti usafiri ardhini, Desemba 2023 zilikuwa Sh48.47 kwa kila kilomita kwa daraja la kawaida, na Sh67.84 kwa daraja la kati. Singida hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 700. Kwa abiria mmoja inakuwa kama Sh34,000 kwa basi la kawaida na Sh47,500 kwa daraja la kati. Familia hii inalipia viti vinne, kwa kuwa mdogo anapakatwa. Tofauti ya madaraja hayo mawili ni kama Sh54,000 kwa kwenda tu, karibu sawasawa na fedha za chakula zilizowanunisha wiki mbili. Hakuna ubaya kulipia kiti kizuri, mradi wawe wamekichagua wenyewe wakijua bei, na si mpiga debe aliyewavuta mkono stendi. Tiketi ikatwe mapema, na nauli iliyoandikwa ilingane na iliyolipwa.

Ipo pia njia ambayo watu wengi wa Singida bado hawajaipigia hesabu. Tangu Julai 2024 treni ya reli ya kisasa (SGR) inafika Dodoma. Nauli ya treni ya kawaida kati ya Dodoma na Dar es Salaam ilipangwa Sh31,000 kwa mtu mzima, nusu yake kwa mtoto wa miaka 4 hadi 12, na mtoto aliye chini ya miaka 4 halipi. Wazazi wawili ni Sh62,000, watoto wawili Sh31,000, na yule wa miaka 2 bure, jumla Sh93,000. Ongeza basi la kawaida kutoka Singida hadi Dodoma, kama kilomita 240, viti vinne, karibu Sh46,500. Safari nzima inakuja kama Sh139,500. Kwa basi la kawaida moja kwa moja ingekuwa kama Sh136,000, na kwa daraja la kati kama Sh190,000. Kwa hiyo treni haiwazidishii gharama kubwa, na inaondoa mlo mzima katikati, maana Dodoma hadi Dar es Salaam kwa reli hiyo ni saa chache tu. Watenge nauli ya bajaji ya kutoka stendi ya Dodoma kwenda stesheni, wathibitishe nauli za sasa kabla ya kukata tiketi, wasiichanganye treni ya kawaida na ile iitwayo Mchongoko, ambayo nauli yake iko juu, na waulize masharti ya mizigo mapema kwa sababu treni si basi.

Wengine watawaambia wasafiri usiku, kwa kuwa tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa kutembea saa 24. Ni kweli watoto wakilala hawali, na wakiamkia stendi ya Mbezi, Dar es Salaam, asubuhi daladala zipo, wakati anayeshuka usiku wa manane hujikuta mikononi mwa teksi. Kwa vijana Shangazi angekubali mara moja. Kwa mtoto wa miaka 2 anapendelea mwanga wa mchana.

Kuna jambo moja zaidi, nalo linahusu mahali wanapofikia. Watu watano nyumbani kwa shemeji kwa likizo ni mzigo, hata kama shemeji anacheka mlangoni. Singida ni nchi ya alizeti, vitunguu na asali ya Itigi. Dumu la mafuta ya alizeti na nusu gunia la vitunguu, vikinunuliwa hapo nyumbani vinakotoka, vinalisha nyumba ya Dar es Salaam siku nyingi, na mke wa shemeji atavipokea kwa mikono miwili kuliko juisi za boksi zilizonunuliwa stendi.

Na mume? Asiambiwe "nilikwambia". Akabidhiwe daftari lile asome mwenyewe ukurasa wa mwaka jana, kisha apewe nafasi ya ubaba wake: mlo mmoja wa moto, siku wanayoingia Dar es Salaam, aulipie yeye, mahali anapopachagua yeye, familia ikiwa imekaa mezani bila honi. Wali samaki kwa mama lishe karibu na Feri, kwa mfano, watoto wakitazama pantoni likivuka kwenda Kigamboni. Hiyo ndiyo sahani watakayoisimulia shuleni Januari.

Jioni ya kuamkia safari kazi zigawanywe. Mama akiwa kwenye chapati, baba ashughulikie dumu la alizeti: mfuniko ukazwe, uwekewe kipande cha mpira chini yake ili mafuta yasivuje kwenye mabegi ya watu, lisimamishwe wala lisilazwe, na ubavuni aandike jina lake kwa kalamu ya wino mzito.